Muulize Mama wa Bendi: Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, isikilize bendi ya chini kabisa

SWALI: Shikamoo mama. Binti yangu yuko darasa la 8, anapuliza klarineti tangu la 6. Mkataba wetu wa nyumba hapa kaskazini mwa Dallas unaisha Juni, na tutakapohamia ndiko atakakosoma hai skuli. Mume wangu amependa shule moja kubwa: bendi ina watoto zaidi ya 300, malori mawili yenye jina la shule ubavuni, na makombe yamejaa kabati mpaka mengine yamewekwa sakafuni. Kodi ya upande huo inazidi yetu ya sasa kwa dola 400 kwa mwezi. Mimi nimevutiwa na shule nyingine, ndogo zaidi, ambayo watu hawaizungumzii. Binti mwenyewe anasema yeye anataka "kupuliza kweli." Tena anataka kusomea udaktari, na baba yake anaogopa bendi itamlia muda wa masomo. Tuchague vipi?
Mama wa klarineti

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto ayaache makombe kabatini kwanza. Waliyoyaleta walishahitimu, wengine sasa wana watoto wao.

Nilihama kwa sababu kama hiyo ya mumeo. Kifungua mimba wangu alikuwa mtu wa tarumbeta, nasi tukabeba virago kumfuata mwalimu aliyesifiwa kila kona. Nilichokuwa sijui ni kwamba onyesho la uwanjani, lile gwaride la kupiga huku wakitembea kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, lina nafasi zilizohesabiwa. Aliyezikosa huitwa mbadala, na mwanangu alikuwa mbadala. Kuanzia Agosti hadi Novemba kazi yake ilikuwa kusukuma toroli ya marimba na kushikilia ubao mkubwa uliopakwa rangi ufanane na ngazi. Mechi ya kwanza nilikwenda na darubini ya kuazima. Nikamtafuta, nikamtafuta, mwishowe nikaona goti. Tulipofika kwenye gari akauliza, "Mama, uliniona?" Nikamjibu nilimwona. Goti nalo ni lake.

Shule ile haikumdhulumu mtu. Bendi ikiwa na watoto 300 hugawanywa kwa uwezo: ya kwanza, ya pili, ya tatu, pengine mpaka ya tano. Mwalimu mkuu wa bendi hushika ile ya juu. Mwanangu aliwekwa ya chini, akafundishwa na msaidizi, na kila Agosti msaidizi alikuwa mpya. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe "bendi yenu ni ya ngapi jimboni?" Uliza, "Nani anafundisha bendi ya chini kabisa, na yuko hapa tangu lini?"

Kisha nenda ukaisikilize. Matamasha ya majira ya kuchipua hayana kiingilio kikubwa, mengi hayana kabisa, na mara nyingi bendi zote hupiga usiku mmoja, ya chini ikitangulia. Wazazi wengi hufika kwa kuchelewa kwa sababu hiyohiyo. Wewe wahi. Usisikilize sehemu za kelele, huko kila mtu hodari. Subiri pale muziki unaposhuka. Bendi iliyofundishwa, hata ikipiga polepole, sauti yake haikatikikatiki. Halafu zitege sikio klarineti, kwa kuwa hicho ndicho chombo chako. Klarineti ina daraja lake la kuvuka kutoka nota za chini kwenda za juu: mtoto alikuwa ameachia karibu vidole vyote, ghafla anatakiwa kuziba karibu matundu yote kwa pamoja. Kidole kimoja kikikaa upande, ala inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Watoto kumi wa bendi ya tatu wakivuka hapo bila kulia, yupo mtu anayekaa nao na kuwafundisha. Angalia pia nani hayupo jukwaani. Saksafoni nane bila basuni, bila obo, bila honi hata moja, ujue watoto waliachwa wachague wanachopenda na hakuna aliyewapangia.

Jambo la pili unaweza kulifanya leo usiku ukiwa jikoni. UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule za umma Texas, huweka matokeo ya bendi mtandaoni. Usiishie kwenye gwaride. Tafuta mashindano ya majira ya kuchipua, ya kupiga ukumbini na kusoma nota papo kwa papo. Hili la pili ndilo ninaloliamini mimi. Watoto hupewa muziki ambao hawajauona maishani mwao. Mwalimu ana dakika chache za kuwaelekeza. Wanaruhusiwa kubonyeza vidole na kuimba nota, lakini hawaruhusiwi kupuliza. Kisha wanaupiga mbele ya majaji watatu. Alama huanzia 1, ambayo ndiyo ya juu, hadi 5. Onyesho la uwanjani hufanyiwa mazoezi miezi minne, na kwa miezi minne hata mimi mtanifundisha kutembea kinyumenyume. Papo kwa papo hapana mahali pa kujificha. Soma alama za bendi za pili na za tatu, siyo za ile ya kwanza tu. Na kwenye mistari hiyohiyo kuna jina la mwalimu. Rudi nyuma miaka sita, saba. Majina yakibadilika kila mwaka wa pili, umeshapata jibu ambalo hakuna atakayekupa siku ya wageni.

Simaanishi shule za makombe ni maonyesho matupu. Fainali kubwa za gwaride za Bands of America, mashindano ya bendi za shule ya nchi nzima, hufanyika Indianapolis kila Novemba, na shule za umma hushinda huko: Carmel ya Indiana ilichukua 2016, 2017 na 2018, kisha Vandegrift ya Austin ikachukua 2019. Watoto wa namna hiyo wanapiga hasa. Lakini muulize binti maana ya "kupuliza kweli." Wangu wa pili aliposema hivyo, alimaanisha viti vya bendi ya jimbo, ile ya TMEA, chama cha walimu wa muziki Texas, inayokutana San Antonio kila Februari. Huko mtoto hushindania nafasi peke yake na ala yake, na kinachomfikisha ni mwalimu wa klarineti anayemsikiliza yeye tu. Shule nyingi hapa huruhusu walimu binafsi kuingia kufundisha wakati wa kipindi cha bendi. Uliza kama yupo wa klarineti, anakuja mara ngapi, na ana nafasi. Pengine binti yako anapenda mtindo mwingine kabisa, wa magoti juu na mabega kuyumba kama bendi za vyuo vya Weusi vya Kusini, mfano Southern au Jackson State. Basi ramani yote inabadilika, na hizo shule mbili zenu huenda zote si zake.

Kuhusu hofu ya baba. Kanuni za UIL zinazuia mazoezi nje ya muda wa masomo yasizidi saa 8 kwa wiki ya shule. Mechi ya Ijumaa na mashindano ya Jumamosi ni hesabu nyingine, kwa hiyo msimu wa gwaride Jumamosi zako zisahau. Tangu 1984 Texas ina sheria kwamba anayeanguka somo, yaani chini ya 70, anasimamishwa kushiriki maonyesho na mashindano, hivyo walimu wa bendi hufuatilia alama za watoto kuliko wazazi wengine ninaowajua. Gwaride pia linaweza kuhesabiwa mahali pa somo la mazoezi ya mwili, ikapatikana nafasi kwenye ratiba. Tatizo la daktari mtarajiwa liko kwingine. Somo gumu la kemia au fizikia likifundishwa kipindi kimoja tu kwa siku, na kipindi hicho ndicho cha bendi ya juu, mtoto atalazimishwa kuchagua. Nenda kwa mshauri wa masomo wa kila shule na ratiba ya mwaka huu mkononi, umwombe akuonyeshe kwa kidole mtoto wa bendi ya kwanza anasoma kemia ya juu saa ngapi. Ofisi moja ilinijibu "huwa tunapata njia." Nikaomba nionyeshwe njia, haikuonekana.

Pesa sasa. Ada ya bendi iombe kwa maandishi, miaka yote minne, pamoja na mwaka wa safari. Uliza na utaratibu wa msamaha kwa asiyeweza kulipa. Wilaya za shule Texas zinatakiwa kuwa nao, ingawa hautangazwi kwa sauti. Usinunue klarineti mpya kwa ajili ya uwanjani. Ya plastiki aliyoanzia ndiyo ya huko, ya mbao ikipigwa na jua la Agosti inaweza kupasuka. Nimeona ufa mmoja, mwembamba kama unywele, na mama mwenye ala amekaa ngazini analia.

Na hizo dola 400 zenu: kwa miezi 48 ni dola 19,200. Pesa hizo zinanunua klarineti nzuri ya mbao na mwalimu binafsi kila wiki kwa miaka minne, na chenji ikabaki. Mpe mumeo kalamu azipige mwenyewe hizo hesabu, usimpigie wewe.

Kabla ya yote hayo, lakini, ingizeni anwani ya nyumba kwenye ramani ya wilaya ya shule, msiridhike na neno la dalali. Halafu piga simu wilayani uulize kama kuna hai skuli mpya inayojengwa upande huo. Vitongoji vyenu vinakua mno, na shule mpya ikifunguliwa mipaka huchorwa upya. Jirani yangu alihamia mtaa kwa ajili ya bendi. Mwaka wa pili mstari ukapita nyuma ya uzio wake, mtoto akahamishiwa shule iliyokuwa bado inanukia rangi, bendi nzima watoto 40. (Alifurahi kuliko alivyofurahi kwingine kote, ila mama yake hajapoa mpaka leo.)

Mimi ningeegemea shule yako, kwa sharti kwamba bendi yake ya chini imevuka lile daraja bila kulia. Ikilia, mpe mumeo ushindi wake. Muulizeni pia mwalimu wa bendi anayemfundisha binti sasa. Anazijua shule zote mbili, na ana maoni ambayo hatayaandika kwenye barua pepe. Mfuate ana kwa ana, baada ya tamasha, wakati anakunja viti. Shika viti viwili umsaidie, ndipo uulize.

SWALI: Mama, mwanangu ni wa darasa la 9 na hajawahi kushika ala yoyote. Sasa anataka bendi. Amechelewa?
Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Kwa klarineti, ndiyo, kiasi. Hapa wenzake walianza darasa la 6, wengi wao katika darasa la klarineti peke yake, na hai skuli nyingi hazina darasa la wanaoanza. Lakini kuna kikosi cha bendera, wale wanaocheza na kurusha bendera na bunduki za mbao mbele ya bendi. Huko huchukua watoto wasiojua kitu na kuwafundisha kuanzia mwanzo. Usaili huwa majira ya kuchipua, basi aende kumwona mwalimu sasa hivi, asingoje Agosti. Wavulana wanakaribishwa, wa kwangu wa tatu alikuwa mmoja wao. Mnunulie fimbo, afanyie mazoezi uani, mbali na gari lako.