Mtoto anayeduwaa ghafla

Dada yangu, pole kwa wasiwasi ulio nao. Umeeleza kwamba binti yako wa miaka 6 huduwaa ghafla katikati ya maneno, macho yakiwa wazi, kisha huendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na kwamba zahanati waliwaambia ni utoto tu. Naomba usiridhike na jibu hilo. Mtoto aliyezama katika mawazo hugutuka akiguswa bega; lakini yule asiyegutuka, ambaye kope zinapepesa na kijiko kimemsimamia mkononi kwa sekunde 10 hivi, huenda ana aina ya kifafa isiyo na mitetemeko, ambayo mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 10.

Mrekodi kwa simu, kwa kuwa daktari huenda asilione tukio siku hiyo, na umwulize mwalimu anaona nini darasani. Kisha omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto ili afanyiwe EEG, kipimo kisichouma kinachonasa umeme wa ubongo kwa nyaya zinazobandikwa kichwani. Ataombwa kupumua kwa nguvu kwa dakika 3 hivi, maana pumzi hizo huweza kuamsha tukio lenyewe. Majibu yakitoka safi mara ya kwanza, hayatoshi kuondoa shaka. Akiandikiwa dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini, muulize daktari kwanza kama inafaa, kwani inaweza kuzidisha kuduwaa kwa aina hii. Tukio lolote likifika dakika 5, mkimbize hospitali.