Usikae ukingoja sheria ya AI: maneno kwa nyinyi mnaoingia kazi ya data kwenye kampuni za hapa Uganda

Wadogo zangu, wale mmeajiriwa juzi mkaambiwa "wewe ndio utashika mambo ya data na AI" alafu mkarudi kwa meza hamjui pa kuanzia, haya ni yenu. Mimi huu ni mwaka wa saba kwa kazi hii, nilianzia kampuni ya mikopo ya simu hapa Kampala, nikapita kwa wanunuzi wa kahawa, sasa nazungukia biashara ndogo ndogo kuanzia Nakawa mpaka Busia nikiwasaidia kupanga mambo yao.

Kitu ambacho natamani mtu angeniambia siku ya kwanza ni hiki, usikae ukingoja sheria ya AI, yani akili bandia. Bosi atakwambia Uganda hakuna sheria ya AI na anasema kweli, sheria yenye jina hilo haipo, wizara ya TEHAMA bado iko kwenye sera na mikakati. Lakini jiulize hiyo mashine yenu inakula nini. Inakula majina ya watu, namba za simu, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), historia ya mobail mani, mahali mtu anapolala. Na hivyo vitu vyote vina sheria tangu 2019, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, kanuni zake zikatoka 2021, na ofisi ya kuisimamia ipo, PDPO, iko chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Kwahiyo ukiambiwa hakuna sheria jua tayari uko ndani yake.

Nianze na mama mmoja wa Busia kwasababu yeye ndiye alinifundisha kazi kuliko semina zote nilizokaa.

Huyu mama anauza mukene (dagaa), jumla na rejareja. Aliomba mkopo wa 500,000 kupitia programu yetu mara tatu, mara tatu zote ikakataa, hapo hapo bila hata dakika mbili kupita. Akaamka alfajiri akapanda taksi mpaka Kampala, akaingia ofisini akatoa daftari la shule limefungwa na mpira, akaliweka kaunta. Ndani ameandika kila siku kwa kalamu ya bluu, magunia yameingia mangapi, nani amechukua kwa deni, nani amelipa, na yule aliyelipa jina lake limepigwa mstari. Kijana wa kaunta hakulifungua. Akamwambia "mama, kompyuta imekataa." Mama akamuuliza, "Hiyo kompyuta inanijua?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni na kikombe cha chai na sikuwa na jibu pia.

Nikaenda kwa jamaa wa kompyuta nikamuuliza mbona huyu anakataliwa, akaniambia alama zake ziko chini ya mpaka. Kwanini ziko chini? "Modeli imeona hivyo," yani ile programu inayowapa watu alama. Basi, hapo ndo maelezo yalikuwa yameisha. Jioni watu wakienda nyumbani sisi wawili tukabaki, tukafungua taarifa zake moja moja mpaka tukaona. Laini aliyojiandikisha nayo ilikuwa karibu kavu, vocha za elfu moja moja na pesa kidogo za hapa na pale. Wateja wake wa upande wa Kenya wanamlipa kwa M-Pesa kwenye laini ya Safaricom, modeli yetu haiioni kabisa. Wa upande wa Uganda wanatuma kwenye laini ya kijana wake maana kitambulisho cha mama kilipotea zamani na ile laini ya biashara ikasajiliwa kwa NIN ya kijana. Yani biashara nzima ipo, inatembea kila siku, alafu mashine inaona mwanamke mwenye vocha za elfu moja.

Tukatoa orodha ya waliokataliwa miezi mitatu ya nyuma tukaipanga kwa wilaya, na watu wa mipakani walikuwa wamejaa humo, Busia, Malaba, Mutukula, watu ambao pesa yao inavuka boda kila siku. Hakuna mtu pale ofisini aliyekaa akaamua kuwabagua, ila walikuwa wanabaguliwa.

Sasa sheria yetu inasemaje. Inasema mtu ana haki ya kuandikia kampuni kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake, na kampuni ikiwa imeamua kwa mashine tu inatakiwa imjulishe, na yeye anaweza kutaka uamuzi ufikiriwe upya. Iko pale imeandikwa tangu 2019, na kampuni nzima hatukuijua. Kwahiyo ukifika kazini kitu cha kwanza kabla hujaandika sera yoyote, uliza, mashine ikimkataa mtu hapa nani anaweza kuibadilisha? Nataka jina la mtu, namba ya simu yake, na awe na mamlaka kweli sio wa kusema "nitawasilisha". Ukiambiwa hakuna basi umeshapata kazi ya wiki yako ya kwanza. Alafu kila uamuzi uwe na sababu ambayo kijana wa kaunta anaweza kumwambia mama kwa Kiswahili au Luganda akaelewa. Kama jamaa wa kompyuta hawezi kukupa sababu hiyo, hiyo modeli haiko tayari kuamua mambo ya watu, isaidie kupanga foleni tu na binadamu ndio aamue.

Na hapo hapo kuna kitu wengi wanakosea. Watu wanachukua sera ya faragha ya kampuni ya Ulaya wanabadilisha jina wanaweka yao. Shida ni kwamba sheria ya Uganda imeweka taarifa za kifedha kwenye kundi la data maalum, pamoja na afya, dini, maoni ya siasa na mambo ya kimapenzi. Kule Ulaya taarifa za fedha haziko kwenye kundi hilo. Ukikopi unakuwa umezipa pesa za mtu ulinzi mdogo kuliko sheria ya nyumbani inavyotaka, na kampuni ya mikopo kazi yake yote ni hizo hizo pesa za mtu. Isome sheria yenyewe kwa macho yako, si ndefu kihivo, usitegemee mtu akusimulie.

Sasa mambo ya ChatGPT na wenzake. Sehemu moja niliyofanya kazi kulikuwa na binti wa fildi, mchapakazi sana. Akapewa orodha ya wateja mia kadhaa isafishwe, majina yamerudiwa, namba zingine hazina sifuri mbele, zingine zina 256 ya nchi. Akaona ni kazi ya siku mbili, akakopi Excel yote, majina, NIN, simu, salio la deni, akabandika kwenye AI ya bure kwa akaunti yake mwenyewe. Ikasafishwa dakika tano. Akafurahi akaja kutuonyesha.

Hakuwa na nia mbaya na wala hatukumfukuza, na nyinyi mkiwa mabosi msimfukuze mtu kwa kosa ambalo hamkumfundisha. Lakini angalia kilichotokea, data za watu zimetoka nchini zimeenda kwa seva za nje, bila ridhaa yao, bila mkataba wowote na yule anayezipokea, na zingine ndio hizo za kifedha nilizosema. Sheria inataka data ikitoka nje iende mahali penye ulinzi unaofanana na wetu au mwenyewe awe amekubali. Siku hizi nafundisha hivi, unafuta kwanza safu ya majina na NIN, kila mteja unampa namba yako ya ndani, ufunguo wa kuunganisha namba na jina unabaki kwa faili lingine kwenye kompyuta ya ofisi, ndo unaweza kuomba msaada wa AI. Na kampuni ilipie akaunti ya kazi yenye mkataba unaosema data zetu hazitumiki kufundishia modeli. Kukataza tu haisaidii jamani, ukikataza watu watatumia kwa simu zao chooni na wewe hutajua.

Kujiandikisha PDPO nitasema haraka. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anajiandikisha, ada 100,000, cheti ni cha miezi 12 alafu unarudi tena. Wafanyabiashara wengi wanadhani hii ni ya mabenki na kampuni za simu. Julai 2025 PDPO iliamua hata Google inapaswa kujiandikisha hapa, baada ya Waganda wanne kupeleka malalamiko. Na kabla ya hapo, 2021, NITA-U ilichunguza SafeBoda, wale wa programu ya kuita bodaboda, ikakuta taarifa za watumiaji zilipewa kampuni ya Marekani inaitwa CleverTap bila wenyewe kuelezwa. Ninawatajia hizi sababu ndizo zinamfanya bosi asikilize. Ukimwambia "kanuni inasema" anaangalia saa, ukimwambia mahakama inaweza kuipiga kampuni faini ya hadi asilimia 2 ya mauzo ya mwaka mzima, anavuta kiti.

Kahawa sasa, na hapa napenda mnisikilize vizuri maana wengi wenu mtaajiriwa huko. Ulaya wametunga sheria ya misitu, kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe lilipo kwa GPS. Tarehe za kuanza zimesogezwa zaidi ya mara moja lakini wanunuzi walishaanza zamani kukusanya. Nikatumwa Sironko, kule kwenye miteremko ya mlima Masaba (Elgon), na vijana wenye tableti, tupime mashamba.

Mzee mmoja akatuangalia tunazunguka migomba na mibuni yake, hakusema kitu mpaka tulipomaliza, akaita mkewe, akaita jirani, akatuuliza mbele yao, "Mmepima shamba langu lote. Nani anakuja kulichukua?" Kijana akamwambia mzee ni ya kahawa tu, weka sahihi hapa. Fomu yenyewe ilikuwa Kiingereza. Mzee akakataa, na alikuwa na haki kabisa. Tukakaa chini ya mti karibu saa nzima, jirani akatafsiri kwa Lumasaba, tukamweleza ramani inaenda kwa nani, nani ataiona, na kwamba haina uhusiano na hati ya ardhi. Ndio akakubali. Lakini sheria inasema mtu aelezwe kabla hujakusanya, na sisi tulikuwa tumeshamaliza kupima.

Usiku nikasoma upya kile Ulaya wanachoomba. Shamba lisilozidi hekta 4 wanatosheka na pointi moja tu ya GPS! Ni yale makubwa kupita hapo ndio yanahitaji mpaka wote uchorwe. Na wakulima wetu wale hakuna aliyekuwa karibu na hekta 4. Programu ilikuwa inachora mpaka wa kila mtu, inapiga picha yake, inachukua NIN, inauliza ana watoto wangapi, kwasababu tu aliyeitengeneza aliona nafasi ipo kwa skrini. Kesho yake tukafuta nusu ya maswali. Kwahiyo kila sehemu ya fomu iulizie, hii ya nini? Kama hakuna anayejua, itoe. Data ambayo huna haiwezi kuibiwa, haiwezi kukupeleka mahakamani, na mzee wa watu halali akiwaza shamba lake.

Ile sheria ya AI ya Ulaya nayo itawafikia mkiwa hapa hapa. Ilianza kuwa sheria tarehe 1 Agosti 2024, marufuku zake za kwanza zikaanza Februari 2025, na mengine yanaingia kwa awamu. Kama kampuni yako ya Kampala inachuja CV za waombaji kazi kwa mteja wa Ujerumani, matokeo yanatumika Ulaya, basi inawahusu, na kuchuja waombaji kazi wameiweka kwenye kundi la hatari kubwa, pamoja na kupima nani akopeshwe. Faini ya kufanya yale yaliyokatazwa kabisa inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya dunia nzima. Mteja mwenyewe ndiye atakutumia fomu ya maswali kurasa na kurasa, data mlitoa wapi, nani anakagua, mkikosea mnafanyaje. Ukiwa umeshapanga mambo yako kwa sheria ya hapa mengi unayo tayari. Ukiuza Kenya au Tanzania ni hivyo hivyo, Kenya wana sheria yao ya data tangu 2019, Tanzania ya kwao ni ya 2022 na tume yake, wote wanataka ujiandikishe kwao, usidhani cheti cha Kampala kinavuka mpaka na wewe.

La mwisho ni siku mambo yakiharibika, na yataharibika. Ofisa wetu wa fildi alinyang'anywa simu akiwa kwenye bodaboda usiku, ndani mna picha za vitambulisho vya wateja, haina hata PIN. Akanyamaza siku nne akiogopa kukatwa mshahara. Sheria inataka PDPO wajulishwe mara moja, na wao ndio wanasema kama wateja nao waambiwe. Siku nne ni nyingi mno, kwa siku nne mtu ameshakopa kwa NIN yako sehemu tatu. Tangu hapo kila ofisi ninayoingia nabandika karatasi ukutani karibu na mlango, ina mistari mitatu tu: ukipoteza simu au laptopu mpigie huyu, hata saa nane usiku, hutakatwa pesa kwa kusema. Na huo mstari wa tatu nahakikisha bosi ameusaini kwa mkono wake.