Bosi kaandika "masaa 48", na Google imemuunga mkono

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja mjini Morogoro. Juzi niliandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba taarifa iwasilishwe "ndani ya saa 48". Mkuu wa idara akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika "masaa 48". Nilipomweleza kwamba shuleni tulikatazwa "masaa", alitoa simu, akaliandika neno hilo Google, akanionyesha matokeo chungu nzima. "Watu wote hawa wamekosea, wewe peke yako ndiye umepatia?" Nilikosa la kusema. Je, wingi wa matokeo unatosha kuthibitisha kwamba neno ni sahihi? Na chombo chenyewe cha kutafutia tukiiteje? Nimeona "injini ya utafutaji", nimeona "kitafutio", na vijana wa ofisini wao wanasema "kugoogle" basi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Na pole kwa kalamu nyekundu.

Mkuu wako hakukosea kwenda mtandaoni. Hata mimi siku hizi huanzia huko kabla sijanyanyuka kwenda kwenye rafu ya kamusi. Shida ni swali aliloliuliza. Aliandika masaa, akaletewa kurasa zenye masaa. Angeandika flani angeletewa flani, angeandika dhamani angeletewa dhamani, ingawa tunachotaka ni fulani na thamani. Mtambo ule haujakaa darasa la sarufi. Unaokota kila kilichoandikwa: hotuba ya waziri, tangazo la kiwanja, majibizano ya mashabiki wa Simba na Yanga usiku wa manane, na tafsiri za mashine ambazo hakuna binadamu aliyezipitia.

Ile idadi ya matokeo nayo ni makadirio tu. Tafuta leo, tafuta keshokutwa, tarakimu itakuwa imepanda au imeshuka bila sababu unayoweza kuieleza. Kwa hiyo mimi siihesabu kama kura. Ninachofanya ni kufungua kurasa ishirini hivi za mwanzo na kusoma: nani kaandika, kwa ajili ya nani, na neno limekaa vipi ndani ya sentensi.

Sasa namna ya kuuliza. Jambo la kwanza, ambalo nashangaa watu wazima wenye vyeo hawalijui, ni alama za kunukuu. Ukiandika ndani ya saa 48 bila alama hizo, mtambo unajipa uhuru wa kupangua maneno, kuacha mojawapo, hata kukuletea masaa wakati umetaka saa. Ukiyafunga, "ndani ya saa 48", unaubana ulete maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Fanya vivyo hivyo kwa "ndani ya masaa 48". Hapo ulinganisho unaanza kuwa wa haki.

Kisha chagua wa kumuuliza. Mwishoni mwa maneno yako ongeza site:go.tz, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, utabaki na tovuti za Serikali ya Tanzania peke yake. Kwa Kenya ni site:go.ke, kwa vyuo vyetu ni site:ac.tz. Ukiongeza na filetype:pdf, kurasa za kawaida zinaondoka, zinabaki nyaraka: miongozo, hotuba za bajeti, Taarifa Rasmi za Bunge. Hizi za Bunge nazipenda mno, kwa sababu zimenakili maneno ya watu waliokuwa wakizungumza. Ni Kiswahili cha mdomoni kilichovalishwa suti. Alama ya kutoa huondoa usichokitaka, na nyota hukaa mahali pa neno usilolijua: "ndani ya * 48" itakuonyesha kama watu wanapenda kujaza pengo hilo kwa saa au masaa.

Usitafute saa peke yake. Google haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo utaangukia SAA, shirika la ndege la Afrika Kusini. Utaangukia pia kurasa za Kifini, maana kwa Kifini saa ni kitenzi, "anapata".

Ukitaka kurudi nyuma, nenda Google Books ubane miaka, tuseme 1960 hadi 1980, uone wahariri wa wakati ule waliandikaje. Kile chombo kingine kinachochora mstari wa matumizi ya neno mwaka hadi mwaka, Ngram Viewer, usihangaike nacho, Kiswahili hakimo. Kwa kazi hiyo tunayo hazina ya matini iliyojengwa na Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25, nayo hupekuliwa mtandaoni. Ndiyo, ni Ufini, kulekule ambako saa ni "anapata".

Nikuambie mapema utakachokikuta: vyote viwili, hata kwenye nyaraka za serikali. Masaa imeingia kwa mawaziri, kwa wachungaji, kwa watangazaji. Basi tuliangalie neno lenyewe.

Saa tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili sanifu likawekwa kwenye ngeli ya I-ZI: saa hii, saa hizi, saa mbili zimepita. Umbo halibadiliki katika wingi, kama nyumba, kama siku. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo mtihani unavyosahihishwa. Masaa linalihamishia neno kwenye wingi wa YA: masaa mawili yamepita. Walimu wengi huishia hapo, wakapiga mstari mwekundu na kwenda kunywa chai.

Mimi naona kuna sababu iliyowasukuma watu. Chukua sentensi hii: "Njoo baada ya saa mbili." Nije lini? Baada ya mshale kupita saa mbili asubuhi, au muda wa saa mbili ukishapita kuanzia sasa? Neno moja linabeba mshale na muda kwa pamoja. "Njoo baada ya masaa mawili" haina utata huo. Wala hutasikia mtu akisema "tukutane masaa mawili asubuhi" akimaanisha wakati wa kwenye ukuta. Tafuta kwa alama za kunukuu uone. Yaani wanaosema masaa hawakulitupa saa, wameligawa. Saa wameliachia mshale, masaa wamelipa muda. Lugha hufanya hivyo bila kumwomba mtu kibali, na anayewaita watu hao wavivu wa sarufi hajawasikiliza.

Lakini hoja hiyo haimsaidii mkuu wako. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu moja hadi kumi na mbili, halafu inaanza upya. Hakuna saa ya arobaini na nane ukutani. "Ndani ya saa 48" haiwezi kueleweka vinginevyo ila muda, kwa hiyo ule utata uliolizaa masaa haupo hapa, na muhtasari wa kikao ni maandishi rasmi. Ulikuwa sahihi. Pale penye utata wa kweli, Kiswahili sanifu kina njia zake: "baada ya muda wa saa mbili", "saa mbili zijazo", "saa mbili baadaye". Ukitaka mfano wa kisheria wa kumwekea mezani, Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazungumzia mtu aliyekamatwa kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kwisha. Fungua tafsiri yake ya Kiswahili, bonyeza Ctrl na F, usome wenyewe walivyoliandika.

Nakuomba, hata hivyo, usirudi mezani ukabadilisha masaa yote ya faili kwa mkupuo. Najua kishawishi hicho, kwa sababu kiliwahi kuniangusha. Niliwahi kuhariri ripoti ndefu, nikafungua kile kidirisha cha Tafuta na Badilisha, yaani Ctrl na H, nikaagiza kila masaa liwe saa. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Nikaituma. Mwenye ripoti akanipigia: kuna "saa mawili yaliyopita", kuna "saa machache", kuna "saa yote manane". Kompyuta ilibadilisha nomino, ikaacha mkia wake wote wa upatanisho ukining'inia. Katika Kiswahili nomino haiendi peke yake. Ukiigusa, lazima uguse kivumishi, a-unganifu (ya, za) na kitenzi: masaa mawili yaliyopita yanakuwa saa mbili zilizopita, masaa machache ya mwisho yanakuwa saa chache za mwisho. Bonyeza Badilisha moja moja, ukisoma. Ile amri ya kubadilisha zote iache.

Kuna mtego mwingine wa jamaa hiyo. Wapo wanaoandika adhari wakimaanisha athari. Ukiagiza kila adhari iwe athari, kompyuta itaingia ndani ya tahadhari na kukutolea "tahathari". Hadhari nayo itaharibika. Dawa ni kuchagua kile kisanduku cha kutafuta neno zima, ambacho Word inacho. Kwenye Google Docs washa utafutaji kwa ruwaza (regular expressions), kisha andika \badhari\b. Hizo \b mbili ni mipaka ya neno. Mpaka huo unafaa kwa nomino. Kwa vitenzi unakugeukia, maana sisi tunabandika mambo mbele ya mzizi. Ukitafuta wezesha kama neno zima hutapata inawezesha, tutawawezesha wala zilizowezesha. Hapo tafuta mzizi bila mipaka. Uvione vyote, na pengine uone aibu, kama nilivyoona mimi, jinsi ripoti moja inavyoweza "kuwezesha" mara sitini.

Kwa makosa unayoyarudia wewe mwenyewe, Google Docs ina orodha ya vibadala kwenye mapendeleo yake. Andika humo kwamba dhamani iwe thamani, flani iwe fulani, na kila utakapoteleza itakurekebisha papo hapo.

Na kama ubishi wenu utaendelea, na nahisi utaendelea, tengeneza jedwali. Nakili sentensi hamsini kutoka kwenye nyaraka za site:go.tz, kila moja kwenye seli yake katika safu A, chanzo safu B. Kwenye Google Sheets, =COUNTIF(A:A,"*masaa*") itakuhesabia seli zenye masaa. Kwa saa kuwa mwangalifu: "*saa*" itakuhesabia masaa pia, na msaada, na wasaa. Weka nafasi pande zote mbili, "* saa *", halafu upitie kwa macho zile ambazo neno limeanza sentensi au limefuatwa na nukta. Sentensi usiyoijua asili yake ipime kwa =DETECTLANGUAGE(A2); ikikujibu sw ni Kiswahili, ikikujibu fi umebeba Mfini. Jedwali la sentensi hamsini ulizozisoma lina uzito kuliko maelfu ya matokeo ambayo hakuna aliyeyafungua.

Google Trends nayo ni ya kuijua. Unaipa maneno mawili, kwa mfano kompyuta na tarakilishi, unachagua Tanzania kisha Kenya, inakulinganishia. Ila kumbuka inapima watu wanachokitafuta. Wanachokiandika ni habari nyingine.

Nije kwenye jina. Injini ya utafutaji inaeleweka na imeshashika katika maandishi, japo kwangu injini bado inanukia dizeli, na utafutaji hapa kwetu unamkumbusha mtu gesi ya Mtwara au vijana waliokwenda mjini kutafuta maisha. Kitafutio kimeundwa vizuri, kama kifutio, kama kifungio: kitu cha kufanyia tendo. Mimi hukitumia nikiwa na uhakika msomaji atanielewa, na kwenye waraka wa ofisi naandika injini ya utafutaji. Usikichanganye na kivinjari. Hicho kimetokana na kuvinjari, kuzungukazunguka kama chombo baharini, nacho ni programu ya kufungulia kurasa, haidhuru umetafuta au hukutafuta. Kupekua ndiko kwa kuku: kuchakura mpaka kitu kionekane. Kitenzi hicho kinafaa sana kwa kazi niliyokueleza hapo juu, na sijui kwa nini tumekiachia polisi wenye hati ya upekuzi.

Kugoogle mwachie kijana aseme. Masikioni linaishia kwa o, gugo, na vitenzi vyetu huishia kwa a, na vile vya Kiarabu kwa i, e au u: rudi, samehe, jaribu. Ndiyo maana likitakiwa kunyambuliwa linakwama. Samehe inatoa samehewa, jaribu inatoa jaribiwa. Gugo itoe nini? Waulize hao vijana wako, kisha uniandikie.

Kuhusu muhtasari, rudisha "saa 48", na pembeni yake weka mwisho wenyewe: "yaani kabla ya saa 4:00 asubuhi, Ijumaa". Hapo hata mkuu wako hatathubutu kuandika masaa.