Majarini ya steroli na vidonge vya mama

Pole dada. Umeuliza kama mama aache vidonge vyake vya statini (dawa ya kushusha lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu), atumie majarini yenye steroli za mimea uliyotumiwa kutoka Uingereza. Asiache. Steroli hufanana na lehemu, ndiyo maana huizuia isifyonzwe utumboni. Gramu 2 kwa siku, pamoja na mlo, hushusha lehemu mbaya (LDL) kwa asilimia 7 hadi 10. Si haba, ila vidonge hushusha zaidi. Karanga, ufuta na parachichi vinazo pia, lakini kidogo: mlo wa kawaida kwa siku haufikishi hata nusu gramu. (Mimi nilipaka majarini asubuhi, jioni chipsi. Kipimo cha lehemu hakikusogea!) Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasiiguse majarini hii. Mama ampelekee daktari kopo aone kwanza.