Mgombea "inadaiwa si raia": mkuu, usipandishe hiyo video

Usiipandishe. Nimeisoma rasimu yako mara 2, na kabla hatujafika kwenye leseni, futa aya ya 2 na aya ya 5. Kwa mnaoingia sasa hivi: mwenzetu yuko Kasulu, Kigoma, jirani na mpaka wa Burundi, anafungua chaneli ya YouTube ya siasa za kata, na kwenye video ya kwanza anataka kutangaza kwamba mgombea wa uchaguzi mdogo wa udiwani "inadaiwa" ni Mrundi aliyejipenyeza. Ameuliza mambo manne: leseni, maikrofoni ya bei gani, atumie jina lake au la bandia, na saa nzuri ya kupandisha. Litakalommaliza hakuliuliza.

Ni hilo neno "inadaiwa". Nimelihesabu, limo mara 11. "Inasemekana" mara 4. "Wadau wanasema" mara 3, na mdau mwenye jina hata mmoja hayumo.

Najua umelitoa wapi. Kuna wakufunzi wa semina za siku 2, zile za soda na posho ya nauli, wanaosimama na projekta na kuwaambia vijana "wewe weka inadaiwa tu, hawakugusi". Wanaliuza kama chanjo. Mimi nilichanjwa na ugonjwa nikaupata vilevile, ada nikalipa mpaka senti ya mwisho. Sina haja ya kuhadithia, nitakupa tu kilichoandikwa kwenye risiti. Yule mkufunzi nasikia bado anazunguka mikoani. (Hilo "nasikia" ni la makusudi, simtaji jina. Nimejifunza.)

Kudai kuna maana mbili, na wewe umekumbuka moja. Leo inadaiwa, kesho unadaiwa.

Iko hivi. Anayerudia kashfa anahesabiwa ameisema yeye. Ukiandika "Juma amesema fulani ameghushi cheti", mahakama haitahangaika kujua kama kweli Juma alisema. Itataka kujua kama fulani ameghushi cheti, na wa kuthibitisha ni wewe. Juma wakati huo simu amezima. Na hapo angalau una Juma. "Inadaiwa" haina Juma, kwa sababu kauli ya kutendwa ya Kiswahili inakubali mtenda aondoke bila kuaga. Jaribio lake ni rahisi: baada ya kila "inadaiwa" andika "na", kisha jaza jina, cheo au hati. Inadaiwa na ______. Nimelifanya kwenye rasimu yako. Kati ya 11, nimeweza kujaza 1, na jina lenyewe ni la mgombea mpinzani wake. Zile 10 zilizobaki hazina mwenyewe, kwa hiyo ni mali yako.

Sasa kifungu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16: kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha huku ukijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma, ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Soma tena hilo "isiyopungua", ni kima cha chini. Wajuaji wa humu watakuja mbio: "lakini sheria inataka uwe unajua ni uongo". Sawa kabisa. Basi jione uko kizimbani, wakili anakuuliza kwa nini uliandika inadaiwa mara 11. Utasema hukuwa na uhakika. Atakuuliza kwa nini basi ulichapisha, na kwa nini picha ya jalada ina mshale mwekundu na maandishi MRUNDI. Utamjibu nini? Neno ulilolivaa kama ngao ndilo linalokutolea ushahidi kwamba shaka ulikuwa nayo.

Na usidanganywe na anayekwambia kashfa si jinai tena. Marekebisho ya 2023 yaliitoa kashfa ya jinai kwenye Sheria ya Huduma za Habari. Kifungu cha 16 cha mtandao hayakukigusa, na kesi ya madai iko palepale.

Alama ya kuuliza nayo ni ndugu yake inadaiwa. "Je, mgombea huyu ni raia?" Mtazamaji wa Kasulu hasikii swali hapo, anasikia jibu. Kuficha jina ni ndugu wa tatu: umeandika "mgombea mmoja mwenye duka la pembejeo karibu na stendi". Kata ina wagombea wawili, mwenye duka la pembejeo ni mmoja. Umemtaja, tena umeelekeza na dukani.

Kuna mahali ambapo kuripoti dai la mtu kunakubalika, na hapo wengi wanachanganya. Kama kuna kesi, andika mahakama gani, namba ya kesi, tarehe, na "hati ya mashtaka inasema". Taarifa sahihi na isiyopindishwa ya kilichosemwa mahakamani hadharani ina kinga. Kilichosemwa ndani ya Bunge vilevile, ukikiripoti kama kilivyo. Lakini mbunge huyohuyo akitoka nje, akapanda kwenye gari la matangazo na kurudia maneno yaleyale sokoni, kinga imebaki Dodoma. Rasimu yako inanukuu mkutano wa hadhara. Kasome tena aya ya 5.

Halafu umechagua uraia. Katika mambo yote ya kumsema diwani, umechagua lile ambalo ni rahisi kulitamka na gumu kulithibitisha kuliko yote.

"Ushahidi" wako niliouona ni huu: anaongea Kirundi, mama yake huvuka mpaka kwenda misibani, na familia ilihamia kutoka upande wa Katavi. Tuanze na lugha. Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi ni lugha za jirani kabisa, wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani. Kama kuongea kunatosha, funga nusu ya soko la Kasulu. Misiba: watu wa mpakani wana shangazi pande zote mbili, mpaka umechorwa na Wazungu ukawakuta wameshaoana. Na hilo la Katavi ndilo litakalokuzamisha. Katumba na Mishamo ziko huko, na Ulyankulu iko Tabora. Ni makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania wa kuandikishwa, kwa vyeti. Mtu wa namna hiyo asili yake ni Burundi na uraia wake ni wa Tanzania, vyote kwa pamoja. Ukisema "ni Mrundi" kwa maana ya asili, pengine umepatia. Mtazamaji ataelewa "si raia", na hapo umesema uongo. Neno moja, maana mbili, wewe unahukumiwa kwa ile aliyoisikia mtazamaji.

Na hata kama ni raia wa kuandikishwa, ana kosa gani? Katiba, ibara ya 39, inataka raia wa kuzaliwa kwa urais. Ibara ya 67 ya ubunge inataka raia, basi. Udiwani nao unadai uraia, haudai babu. Video yako ingekuwa na ukweli wote duniani bado isingekuwa na hoja.

Ongezea kifungu cha 17 cha sheria ileile ya mtandao, kinachohusu maudhui ya kuchochea chuki au ubaguzi kwa sababu ya rangi, nasaba, asili ya taifa au kabila. "Wamejaa hawa, turudishe kata yetu" ni sentensi iliyomo kwenye rasimu yako. Inadaiwa haipo hapo, hiyo umeisema mwenyewe kwa sauti yako.

Tena silaha hii haijaanza na wewe, na wenye kalamu imewapiga. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mmiliki wa magazeti aliyewahi kuwa mbunge, aliambiwa na serikali kwamba si raia. Julai 2019 mwandishi wa habari Erick Kabendera alipochukuliwa nyumbani kwake, maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba anahojiwa kuhusu uraia, kisha mashtaka yakaja ya mambo mengine kabisa. Akatoka mahabusu Februari 2020. Mtu anayeanza kazi ya habari kwa kuliokota rungu hilohilo, sijui nimwambie nini.

Kama bado unaamini kuna jambo, fuata karatasi. Uraia unathibitishwa na Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, peke yake hakimalizi ubishi, maana NIDA husajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Andika barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kukujibu, ingawa kwa taarifa binafsi za mtu tarajia kukataliwa. Kukataliwa huko si ushahidi wa chochote, usije ukaandika "Uhamiaji wagoma kusema". Angalia pia kama limewekwa pingamizi. Fomu za wagombea hubandikwa hadharani, kuna dirisha fupi la pingamizi baada ya uteuzi, na linawekwa kwa maandishi. Likiwepo, una sentensi halali: "Mgombea fulani aliweka pingamizi tarehe fulani akidai mwenzake si raia, msimamizi alilitupa tarehe fulani." Hapo mdai anaonekana, hati ipo, na mwisho wake upo. Ukiacha ile nusu ya pili, umerudi kulekule.

Nakala ya cheti cha kuzaliwa uliyotumiwa WhatsApp usiioneshe kwenye video hata kwa sekunde 1. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Na jiulize aliyekutumia ameipata wapi. Watu 3 waliokuthibitishia, uliza kila mmoja alisikia kwa nani. Mara nyingi wote wameteka kisima kimoja, na mwenye kisima ni kampeni ya upande wa pili.

Kumtafuta mhusika: umeandika "jitihada za kumpata ziligonga mwamba". Umempigia mara moja saa 3 usiku. Mpe maswali kwa maandishi, moja moja, yenye madai mahususi, mwambie siku na saa ya mwisho ya kujibu, zisipungue siku 2, na utunze picha ya ujumbe ikionesha umefika. Akijibu, weka jibu lake palepale penye dai. Usilitupe dakika ya 14 ambako watu wameshaondoka.

Maoni ni kitu kingine na hayo sema kwa mdomo wote, ibara ya 18 ya Katiba, ya uhuru wa maoni, ni yako pia. Ila "nadhani" haigeuzi tuhuma kuwa maoni. "Nadhani ameghushi" ni tuhuma yenye nadhani mbele. Maoni yanasimama juu ya jambo ambalo umeliweka mezani na mtazamaji analiona. Mfano: "Kwa mujibu wa muhtasari wa baraza la madiwani, kwenye vikao 4 vya mwaka alihudhuria 1. Kwa maoni yangu mtu huyu hafai kurudi." Kitangulie kinachothibitika, halafu ukali wako wote, na ukali hapo haukudhuru. Kama aliwahi kuwa diwani, uliza ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, vikundi gani vya kata vilipata. Uliza kama mapato na matumizi yalisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi 3. Fungua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, utafute halmashauri yenu. Hakuna hata kimoja cha hivyo kinachohitaji kujua mama yake kazikwa wapi.

Leseni: kama chaneli inatoa habari na matukio ya sasa, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inakuhusu. Marekebisho ya kanuni za maudhui ya mtandaoni ya 2022 yalipunguza wanaodaiwa leseni, lakini habari imebaki ndani. Ada angalia kwenye tovuti yao, usiulize humu utapewa tarakimu 6 tofauti. Jina la bandia halikufichi popote: laini umeisajili kwa alama za vidole.

Sasa rudi kwenye rasimu. Aya ya 2 yote itoke. Aya ya 5 itoke, na ile picha ya mshale. Kwenye aya ya 7, "inadaiwa alikula fedha za madawati" ifanye hivi: "Madawati 40 yaliyotajwa kwenye muhtasari wa kamati ya maendeleo ya kata hayajatimia shuleni. Nilihesabu tarehe fulani, nikakuta 12." Kama hujahesabu, kahesabu. Shule inafunguliwa Jumatatu, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwanza, piga picha za madawati tu, sura za watoto zisionekane. Ukimaliza weka rasimu mpya hapahapa, nitahesabu tena.