Uliza Tukujibu: "Chuo cha Ushirika Moshi ni chuo kikuu kweli au ni cha watu wa AMCOS?"

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama nauza mitumba soko la Kilombero hapa Arusha. Binti yangu kamaliza form six comb ya ECA, kapata C ya uhasibu, D ya uchumi na E ya biashara. Nataka chuo cha serikali, ada nafuu na karibu na nyumbani. Wananiambia Ushirika Moshi ila jirani yangu anasema hicho ni chuo cha makarani wa AMCOS tu, vile vyama vya ushirika vya wakulima. Na je, anaweza kulala nyumbani awe anaenda na Coaster kila siku nisilipe chumba? Mama wa ECA, Ngarenaro.

JIBU: Shikamoo mama. Jirani yako hajakosea sana, kachelewa tu miaka kadhaa. Kilianza 1963 kama chuo cha ushirika na kazi yake ilikuwa kufundisha watu wa vyama kweli, na Kilimanjaro ndo penyewe maana KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933 na kahawa ya Wachaga imepitia humo. 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine cha Morogoro, 2014 kikapanda kuwa chuo kikuu kamili cha umma, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wenyewe wanaita MoCU. Siku hizi kuna uhasibu, ununuzi na ugavi, rasilimali watu, sheria, mikrofedha na hata TEHAMA ya biashara, kwa hiyo ECA yake iko nyumbani kabisa. Ila kama moyo wake uko kwenye unesi au uinjinia asiende pale kisa ada, atateseka miaka mitatu na wewe utateseka naye.

Matokeo yake yanaruhusu kuomba. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanataka principal mbili (masomo mawili makuu aliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4, C ni 3 na D ni 2, tayari ana 5. Hicho ni kiwango cha chini tu lakini, kozi zinazopendwa zinajaa na wenye pointi nyingi wanatangulia, so ajaze na kozi ya pili na ya tatu anayoweza kuishi nayo. Na asome vizuri kampasi aliyochagua maana MoCU wana tawi Kizumbi, Shinyanga, usije ukamtafutia chumba Moshi kumbe mtoto kapangiwa usukumani.

Sasa hela, hapa ndo wazazi wengi wanapigwa chenga. Wanauliza ada basi. Mama, ada ni mstari mmoja tu kwenye karatasi ya joining, chini yake kuna bima ya NHIF 50,400, kuna 20,000 ya TCU, kuna usajili, mitihani, serikali ya wanafunzi, halafu field ambayo anaweza kupangiwa mbali na anatakiwa ale na alale huko. Chuo cha ada ndogo kwenye mji wa kodi kubwa kinaweza kukutoa jasho kuliko cha ada kubwa kidogo, kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima kabla hujafurahi. Na hela yoyote ya chuo cha serikali inalipwa kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, mtu akikwambia mtumie kwenye simu yake akusaidie nafasi, huyo ni tapeli, kata simu.

Mambo ya Coaster hapana mama yangu. Arusha Moshi ni kama kilomita 80, upite Usa, Kikatiti, Boma, foleni na kupakia njiani, kipindi cha asubuhi atakikuta kimeisha na nauli ya mwezi inakaribia chumba cha kushare. Atafute hostel ya chuo mapema, ikikosekana apange na wenzake wawili watatu, ila jiandae maana wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo.

Mkopo aombe Bodi ya Mikopo, ni maombi mengine kabisa na ya chuo, wengi wanadhani ukipata chuo na mkopo umekuja. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, mapema, na namba ya mtihani ya form four aliyotumia chuoni ndo hiyo hiyo atumie Bodi, zikitofautiana majina hayaonani na bumu, hela ya kujikimu, atalisikia kwa wenzake. Na ajue ni deni, akiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

SWALI: Kaka mhariri mi nafanya kazi duka la spea hapa Moshi, bosi haniruhusu kuacha kazi, degree nitaisikia tu? Fundi, Majengo.

JIBU: Mdogo wangu, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992, ni cha umma, na kina kituo Moshi na Arusha. Unalipia kwa yuniti unazochukua, unasoma usiku, mitihani unafanyia kituoni. Ubaya wake hakuna wa kukusukuma, kuna watu wameingia wakidhani mteremko mpaka leo hawajamaliza. Kama una D nne tu za form four anza na cheti, kisha diploma, ukitoka na GPA ya 3 kwenda juu unaomba degree.

SWALI: Nimechaguliwa vyuo vitatu, nikae kimya nione? Kijana wa Sakina.

JIBU: Usikae kimya! Thibitisha kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye meseji, ndani ya tarehe walizotaja. Na kama laini uliyojaza kwenye fomu ni ya shemeji yako, mfuate leo leo.