Jibu: Tukague vipi data tunazokusanya bila kudhoofisha usalama?

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kukagua data za wateja wakati kitengo cha usalama kinataka kila kumbukumbu ihifadhiwe. Anzia kwenye fomu ya kujisajili, sera utaisoma baadaye. Kwa kila kisanduku uliza: nani hukisoma, na kwa kazi gani? Niliwahi kukagua fomu iliyodai tarehe ya kuzaliwa. Hakuna idara iliyoitumia, lakini ilikuwa imenakiliwa kwenye seva tatu! Kitu kama hicho kifutwe, kwa sababu mwizi hawezi kuiba usichonacho.

Kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo ni suala jingine, na hapo wenzako wana hoja: bila anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa kwenye mtandao) na saa, hutajua mvamizi alipita wapi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, inayotumika tangu 2018, kwa kawaida inataka uvujaji wa data uripotiwe kwa mamlaka ndani ya saa 72 tangu ugundulike. Bila kumbukumbu utaripoti nini? Zibaki, ila ziwekewe ukomo wa muda, na kila anayezifungua naye arekodiwe.

Kagua na nakala rudufu pia. Mara nyingi data iliyofutwa kwenye mfumo bado imo humo.